Bomba Linapopasuka Kiangazi: Kulinda Mabomba ya Nyumbani Shinyanga, Kahama na Geita

Anayetafuta maelekezo ya kulinda mabomba ya nyumba yake aghalabu hukutana kwanza na ushauri ulioandikwa kwa ajili ya nchi za baridi: zungushia bomba vitambaa vizito, acha koki idondoke usiku kucha, funga maji kabla ya kusafiri majira ya theluji. Ushauri huo una sababu yake. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na bomba lisilo na nafasi ya kupokea ongezeko hilo hupasuka. Hapa Tanzania jalidi huwafikia wakazi wa Kitulo na Makete katika miezi ya Juni na Julai. Mkazi wa Ngokolo au Katoro hana haja ya kuihofia. Tena akiiga ushauri wa kuacha koki idondoke usiku kucha, atakachovuna ni ankara kubwa tu.

Hata hivyo, mabomba ya Shinyanga, Kahama na Geita nayo yana majira yake ya kupasuka, nayo ni kiangazi. Kuanzia Juni hadi mvua za kwanza za Oktoba au Novemba, mambo matatu hulielemea bomba la nyumbani kwa wakati mmoja: udongo unaosinyaa, jua kali, na maji yanayorudi kwa nguvu baada ya kukatika. Somo hili linaeleza namna kila moja linavyofanya kazi, namna ya kutambua uvujaji usioonekana kwa macho, na hatua ambazo mteja anaweza kuchukua kabla fedha yake haijapotelea ardhini.

Nani hulipa maji yaliyovuja

Mpaka wa wajibu ni dira ya maji. Bomba linalotoka kwenye njia kuu ya mtaa hadi kwenye dira hutunzwa na mamlaka ya maji. Bomba linalotoka kwenye dira kuingia nyumbani ni mali na wajibu wa mteja. Maji yakivuja kabla ya dira, hasara ni ya mamlaka, na mteja anachotakiwa ni kutoa taarifa. Yakivuja baada ya dira, yamekwisha kuhesabiwa, na dira haina namna ya kutofautisha maji yaliyopikiwa ugali na maji yaliyonywewa na udongo.

Inafaa kuijua hesabu yenyewe. Uniti moja ya maji ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Chukua tundu dogo linalojaza chupa ya nusu lita kwa dakika 10. Kwa saa moja ni lita 3, kwa siku lita 72, na kwa mwezi wa siku 30 ni lita 2,160: uniti mbili na ushei. Familia nyingi huweza kulipa kiasi hicho bila hata kushtuka. Lakini ufa unaopitisha lita moja kwa dakika hupoteza lita 1,440 kwa siku na lita 43,200 kwa mwezi. Hizo ni uniti 43, au ndoo 2,160. Zidisha idadi hiyo kwa bei ya uniti iliyoandikwa kwenye ankara yako, nawe utaona kwa nini mashauri ya ankara kubwa huanza mara nyingi na bomba na si na msoma dira.

Ipo pia hasara ambayo haimo katika ankara. Mkazi wa Shinyanga aliyekuwapo kabla ya 2009 anakumbuka enzi ambapo mji ulitegemea bwawa la Ning'hwa. Tangu mwaka huo, maji ya Ziwa Victoria huchukuliwa Ihelele, wilayani Misungwi, yakasafishwa na kusukumwa kwa umeme na KASHWASA hadi Kahama na Shinyanga, ambako mamlaka za miji huyasambaza kwa wateja. Kila ndoo imevutwa kutoka mbali, imetiwa dawa na kupandishwa milima kwa mashine. Ikimwagikia ardhini mita tano kutoka mlangoni, gharama yote hiyo imekwenda bure.

Udongo wa mbuga

Wasukuma hutofautisha udongo wao kwa majina. Luseni ni udongo wa kichanga wa miinuko na hausumbui mabomba. Mbuga ni udongo mweusi wa mabondeni, mzito na wenye rutuba, na huo ndio adui wa fundi bomba. Mfinyanzi wake hunywa maji ukavimba wakati wa masika, kisha hukauka na kusinyaa wakati wa kiangazi. Kila mtu aliyepita katika shamba la pamba mwezi Septemba ameiona mipasuko yake: mipana kiasi cha kumeza kiatu cha mtoto, na mirefu kwenda chini kufikia hata mita moja.

Bomba lililofukiwa katika udongo huo hushikwa kama kwa koleo. Udongo ukisogea, nalo husogezwa. Bomba gumu la PVC lenye maungio ya gundi halina uwezo wa kupinda, hivyo hukatika kwenye ungio. Mahali panapovunjika zaidi ni mita moja ya kwanza kutoka ukutani, kwa sababu ndani ya msingi bomba limekamatwa na zege lisilosogea, na nje limekamatwa na udongo unaosogea. Mvua za kwanza nazo huleta awamu ya pili ya uharibifu, kwani udongo uliokuwa umesinyaa huanza kuvimba na kusukuma upande mwingine. Anayekagua bomba lake Septemba na kulikuta zima hana budi kulikagua tena baada ya mvua za mwanzo.

Kinga yake si ya gharama kubwa, ila inatakiwa ifanyike kabla ya kufukia. Mtaro uchimbwe angalau sentimita 60 kwenda chini, na sentimita 90 mahali magari yanapopita. Chini ya bomba na kulizunguka uwekwe mchanga, ili udongo wa mbuga usiligusane. Panapokuwa na mbuga, bomba jeusi la polithini ni bora kuliko PVC kwa kuwa hupinda. Nalo lisinyooshwe kama uzi wa mwashi, bali lilazwe kwa kujipindapinda kidogo mithili ya nyoka, ili liwe na urefu wa akiba pindi ardhi inapolivuta. Linapoingia ukutani, lipitishwe ndani ya kipande cha bomba pana zaidi kilichojengewa kwenye msingi, lisishikwe moja kwa moja na zege. Mafundi wengi wanayajua haya. Wanayaruka kwa sababu mwenye nyumba hakuyauliza na mchanga haukuwa kwenye bajeti. Safari moja ya mkokoteni wa mchanga ni nafuu sana ikilinganishwa na kuchimbua ua mzima miaka miwili baadaye.

Jua na bomba lililo juu ya ardhi

Katika vilima vya Geita tatizo ni kinyume chake. Pale mwamba uko karibu na uso wa ardhi na kuchimba ni kazi ya sururu na patasi, bomba huachwa juu. Katika makazi yaliyokua haraka kufuata dhahabu, kama vile Nyarugusu, Rwamgasa na Katoro, ni jambo la kawaida kuona bomba jeusi likikatiza njia, likikanyagwa na ng'ombe, bodaboda na magari ya kubeba mawe.

Watu husema kwamba bomba jeusi halidhuriki na jua. Kauli hiyo ni kweli kwa nusu. Masizi yaliyochanganywa katika plastiki yake huikinga isichakazwe na mionzi, tofauti na PVC na mabomba ya PPR ambayo yakiachwa juani hukauka na kuwa mepesi kuvunjika. Lakini weusi huohuo hulifanya bomba lipate joto, na joto hulilegeza. Maandishi ya PN 10 yanayopigwa chapa juu ya bomba yana maana kwamba limepimwa kuhimili shinikizo la baa 10 maji yakiwa na nyuzi 20 za Selsiasi. Kwenye nyuzi 40, uwezo wa bomba la aina hiyo hubaki takriban robo tatu. Bomba lililotosha alfajiri huenda lisitoshe saa nane mchana.

Joto pia hulirefusha. Bomba la polithini lenye urefu wa mita 30 likipanda kutoka nyuzi 20 hadi 50 huongezeka urefu kwa zaidi ya sentimita 15, kisha hurudi usiku. Likiwa limefungwa pande zote mbili bila nafasi, hujichomoa polepole kwenye maungio, siku baada ya siku, hadi asubuhi moja linaachia kabisa. Kwa hiyo, ungio linalovuja kila baada ya miezi michache licha ya kukazwa halina kasoro ya kukazwa; bomba lenyewe limenyimwa nafasi ya kucheza.

Pasipochimbika, lifunike bomba kwa tuta la udongo au mchanga lililozuiwa kwa mawe kandokando. Mahali pa njia lipitishwe ndani ya bomba la chuma. Kwenye ukuta, lipandishwe upande ambao jua la mchana halifiki, na vipande vya PVC vinavyobaki nje vipakwe rangi nyeupe ya maji. Unaponunua, soma maandishi yaliyo juu ya bomba: jina la mtengenezaji, kipenyo, PN na alama ya ubora ya TBS. Milimita 20 ndiyo inayoitwa nusu inchi dukani, 25 ni robo tatu, na 32 ni inchi moja. Bomba lisilo na maandishi yoyote liache hapo lilipo, hata likiuzwa kwa bei ya kutupa, na risiti ya lile ulilonunua itunze.

Maji yanaporudi

Wakati wa mgao, au umeme unapokatika kwenye pampu, mabomba hubaki matupu na hewa hujaa humo. Maji yakirudi huisukuma hewa hiyo mbele yao. Koki zote zikiwa zimefungwa, hewa hubanwa, na safu ya maji inayokuja nyuma yake hugonga kwa kishindo ambacho huweza kusikika ndani ya ukuta. Ungio lililokwisha kudhoofishwa na udongo au jua mara nyingi huachia wakati huo. Ndiyo maana wateja wengi huamini kwamba mamlaka imeongeza presha kupita kiasi, ilhali bomba lilikuwa gonjwa tangu Julai.

Kila nyumba inastahili kuwa na koki kuu mara baada ya dira. Maji yakikatika, ifunge. Yakirudi, fungua kwanza koki moja ya nje, kisha ifungue koki kuu polepole, uiache hewa ipumue hadi maji yatoke bila kukohoa, ndipo uifunge ile ya nje. Faida ni mbili, kwani hewa inayopita kwa kasi nayo huweza kuizungusha dira. Na asiwepo mtu wa kuondoka nyumbani akiwa ameacha koki wazi kwa sababu tu hazitoi maji. Maji ya mgao yana tabia ya kurudi saa tisa usiku.

Kuna hatari nyingine inayohusu afya moja kwa moja. Bomba likiwa tupu, huweza kuvuta ndani kilichoko nje. Ufa uliokuwa ukitoa maji safi mchana huingiza maji ya mtaro usiku, na kipindupindu hakihitaji mlango mpana. Katika maeneo ya wachimbaji wadogo jambo hili linahitaji uangalifu wa pekee. Mpira wa maji ulioachwa ukiwa umezama kwenye beseni au shimo la kuoshea mchanga wa dhahabu, ambamo zebaki hutumika, huweza kunyonya maji ya shimo hilo na kuyarudisha kwenye bomba la nyumba pindi maji yanapokatika. Mdomo wa mpira ukae juu ya maji daima, usizame hata kidogo. Bomba la maji ya kunywa lisipitishwe kwenye mtaro wa maji ya karasha wala chini ya lundo la marudio. Kwa maoni yetu, nyumba inayoishi kwa shughuli hiyo ingefaa kuchukua maji ya kuoshea kutoka kwenye pipa lililojazwa kwa juu, na si kutoka kwenye bomba moja kwa moja. Vivyo hivyo, pampu isiunganishwe moja kwa moja na bomba la mtaa: huwapunguzia majirani maji na kuvuta uchafu kutoka kwenye kila ufa ulio njiani.

Kuitumia dira kama mpelelezi

Uvujaji kwenye udongo wa kichanga hujitangaza. Mwezi Agosti, nyasi zilizobaki mbichi mahali pamoja uani, au kona ambayo kuku wanapenda kuichakura, ni dalili ya kutosha. Kwenye mbuga mambo ni tofauti, na hapa ndipo wateja wengi hupotea: maji huteremka kupitia mipasuko ya udongo bila kuonekana juu. Ua unaweza kuwa mkavu kabisa huku uniti moja ikipotea kila siku. Shahidi wa kuaminika ni dira.

Jioni, tanki likiwa limejaa na koki zote zikiwa zimefungwa, andika tarakimu zote za dira, zikiwemo zile nyekundu zinazoonyesha sehemu za uniti. Dira nyingi zina pia gurudumu dogo au nyota inayozunguka kwa mtiririko mdogo sana. Iangalie kwa dakika mbili. Asubuhi, kabla mtu yeyote hajachota, soma tena. Tarakimu zikiwa zimesogea, kuna maji yaliyopita bila mtumiaji. Sharti moja lisisahaulike: maji yawepo bombani jioni na asubuhi. Kipimo kilichofanywa usiku wa mgao hakithibitishi kitu, kwani hata bomba lililokatika vipande viwili halivuji likiwa tupu.

Dira ikisogea, hatua inayofuata ni kujua wapi. Funga koki iliyo kwenye maingilio ya tanki, kisha angalia dira. Ikiendelea kuzunguka, uvujaji uko kwenye bomba la ardhini kati ya dira na tanki, au kwenye tawi lolote linalochukua maji kabla ya tanki. Ikisimama, shuku boya la tanki, ambalo likichakaa huruhusu maji kumwagika kupitia bomba la ziada usiku kucha, hasa pale bomba hilo linapoelekezwa nyuma ya nyumba asikopita mtu. Uvujaji ulio baada ya tanki hupimwa kwa kuweka alama ya kimo cha maji usiku, koki ya maingilio ikiwa imefungwa, na kuilinganisha asubuhi. Kwa choo cha kuvuta, tia rangi ya chakula au chai iliyokolea kwenye tangi lake na usivute kwa dakika 20. Rangi ikishuka bakulini, kizibo hakifungi.

Kwa nyumba za kupanga zenye dira moja, kila tawi la vyumba liwekewe koki yake. Gharama ni ndogo, na huondoa ugomvi wa kila mwezi wa nani alitumia nini, kwa kuwa tawi linalovuja hujulikana kwa kuyafunga mengine moja baada ya jingine.

Ankara ikishakuja

Ankara ikiwa kubwa kuliko kawaida, linganisha kwanza usomaji uliomo na tarakimu zilizo kwenye dira siku hiyo. Usomaji wa ankara ukizidi wa dira, kosa ni la usomaji, na halihitaji fundi. Ukilingana, fanya kipimo cha usiku kama kilivyoelezwa. Ikiwa hakuna uvujaji na bado unaishuku dira, omba kwa maandishi kwamba ipimwe. Usiifungue wala kuigeuza mwenyewe. Kuchezea dira ni kosa kisheria, na hulibatilisha hata lalamiko lililokuwa la haki.

Lalamiko hupelekwa kwanza kwa mtoa huduma: mamlaka ya maji ya mji wako au, kwa wakazi wa vijijini, chombo cha huduma ya maji ngazi ya jamii kilicho chini ya RUWASA, wakala ulioanzishwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019. Mteja wa mamlaka ya maji ambaye hakuridhika na majibu, au hakujibiwa, huleta shauri lake EWURA, na Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji humsaidia kuliandaa. Lalamiko lenye usomaji wa dira wa siku kadhaa mfululizo, pamoja na tarehe na saa, picha za bomba lililochimbuliwa kabla ya kufukiwa, risiti ya fundi na nakala za ankara za miezi iliyotangulia husikilizwa kwa wepesi. Lisilo na hayo hulazimu kila upande kukisia. Daftari la kawaida la shule, likihifadhiwa pamoja na ankara na kujazwa usomaji wa dira kila Jumapili, linatosha kwa kazi hiyo mwaka mzima.